Unamsaidia mtu kuuza nyumba au kiwanja chake na huna leseni ya udalali? Fuata hatua hizi, kuanzia mwanzo mpaka hati inabadilishwa jina

Hii inawakuta watu wengi sana. Shangazi yuko nje ya nchi anataka kuuza nyumba, jirani mzee amechoka na shamba, rafiki kakwama na kiwanja mwaka wa pili sasa na anajua we una watu wengi unaowafahamu, basi anakwambia nisaidie tu ukipata mteja ntakukumbuka. Unakubali kwa moyo safi kabisa. Shida ni kwamba hiyo "ntakukumbuka" ndo inayoweza kukugeuza dalali asiye na leseni bila mwenyewe kujua, na kuna sehemu hiyo ni kosa la jinai, sio faini ndogo ya kulipa ukaenda nyumbani.

Kusaidia unaweza, tena vizuri tu. Ila lazima upange mambo KABLA hujapiga picha ya kwanza, na kanuni kubwa ya kuishika kichwani ni hii: we uwe mikono ya mwenye mali, usiwe mdomo wake wala mfuko wake. Bei anaitaja yeye, pesa inapita kwake au kwa wakili wake, sahihi anaweka yeye. Kila kitu nachoandika hapa chini kinatoka kwenye hiyo kanuni.

Kwanza jua sheria inaangalia nini

Nchi zinatofautiana lakini maswali ni yale yale matatu. Mali ni ya nani? Unalipwa nini, na malipo yako yanategemea nini? Na unafanya kazi gani hasa, unatangaza tu au unatafuta wanunuzi na kujadili bei kwa niaba ya mtu? Ukiwa unauza mali ya mtu mwingine + unalipwa au unategemea kulipwa + unatafuta wateja au unajadili masharti, hapo sehemu nyingi wanakuita dalali, hata kama hujawahi kujiita hivyo maishani mwako.

Mifano halisi ili uone sio maneno ya kutishana. California sheria yao inasema dalali ni mtu anayefanya hizo kazi kwa malipo au kwa KUTEGEMEA malipo, kwahiyo hata ile ahadi ya mdomo inahesabika, na mtu binafsi akikutwa bila leseni faini inafika dola 20,000 au kifungo mpaka miezi 6 au vyote viwili. Florida wao wameiweka kwenye makosa makubwa ya jinai daraja la tatu, ambayo adhabu yake inaweza kufika miaka 5. Kenya kuna Sheria ya Madalali wa Mali, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Afrika Kusini sheria yao mpya ya mwaka 2019 ilianza kutumika tarehe 1 Februari 2022 na inasema asiye na cheti cha mfuko wa dhamana (ndo kibali cha dalali kufanya kazi kule) hana haki ya kulipwa kamisheni, hata kama nyumba kweli kaiuza. Uingereza ndo tofauti kidogo, pale hakuna leseni kama ya Marekani lakini Sheria ya Madalali ya 1979 inambana yeyote anayeifanya kazi hiyo kama biashara, lazima awe mwanachama wa chombo cha kusikiliza malalamiko, lazima ajisajili kwa ajili ya kuzuia utakatishaji wa pesa.

Na kuna hasara nyingine watu hawaifikirii. Sehemu nyingi zenye leseni, asiye nayo hawezi kwenda mahakamani kudai kamisheni. Yaani umehangaika, mteja umemleta, nyumba imeuzwa, mwenye mali anakuzungusha, na huna pa kwenda kwa sababu ukienda ni kama unajishtaki mwenyewe.

Hatua ya 1: chagua njia moja, uifuate hiyo hiyo

Hapa ndo watu wanachanganya, leo yuko hivi kesho yuko vile. Njia zipo kadhaa.

Njia ya kwanza ni kusaidia bure kabisa. Ndugu, rafiki, jirani. Hamna malipo, hamna asilimia, hamna "utaniangalia". Sehemu nyingi ukitoa malipo kwenye hesabu ile tafsiri ya udalali inaanguka. Lakini bure iwe bure kweli, maana nchini Marekani sheria nyingi zinasema "kitu chochote chenye thamani", kwahiyo kufutiwa deni, kupewa simu mpya, kukaa miezi kadhaa bila kulipa kodi, vyote ni malipo.

Njia ya pili ni kulipwa kwa kazi maalum ambayo sio udalali. Kupiga picha, kusafisha na kupanga nyumba, kuandika tangazo, kutengeneza video, kusimamia fundi wa rangi. Hapa malipo yawe ya kudumu, yanajulikana tangu mwanzo, na unalipwa nyumba iuzwe isiuzwe. Hicho kipengele cha mwisho ndo roho ya jambo lote. Ukisema "nilipe laki 3 za picha ila tu ikiuzwa" umesharudi kwenye kamisheni kwa mlango wa nyuma. Pateni risiti, andikeni kazi ni ipi.

Njia ya tatu ni hati ya uwakilishi, wengine wanaiita pawa ofu atoni. Nitaieleza kwa urefu chini kwa sababu watu wanaitumia vibaya.

Njia ya nne ni kumkabidhi dalali mwenye leseni, we ukabaki msaidizi wa mwenye mali. Watu wanaiona kama kushindwa, mi naona ni busara kubwa kama nyumba ni ya bei kubwa au ina matatizo. Uangalie kitu kimoja tu, usiombe kugawana kamisheni. Sehemu nyingi dalali mwenye leseni haruhusiwi kumgawia asiye nayo, mkikutwa yeye anaweza kupoteza leseni na we unabaki na kesi. Texas kwa mfano wanaruhusu zawadi ya kitu kisichozidi dola 50, na isiwe pesa taslimu. Marekani kuna pia madalali wanaotoza ada ndogo ya mara moja kuiweka nyumba kwenye mfumo wao wa pamoja wa matangazo, mengine yote anafanya mwenye nyumba, hii inafaa sana mkiwa na muda.

Kuna njia ya tano ya kuingia mkataba wa kununua wewe alafu unauza ule mkataba kwa mtu mwingine kabla hujalipa. Mtandaoni wanaisifia sana eti huhitaji leseni. Tahadhari! Illinois tangu 2019 ukifanya hivyo mara mbili au zaidi ndani ya miezi 12 unahitaji leseni, na Texas tangu 2017 lazima umwambie wazi mnunuzi kwamba unauza haki yako kwenye mkataba na sio nyumba yenyewe. Kama lengo lako ni kumsaidia shangazi, hii njia achana nayo.

Hatua ya 2: hakikisha anayetaka kuuza ndiye mwenye mali

Usicheke, hii ndo inayoharibu mauzo mengi kuliko bei. Omba nakala ya hati, alafu fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, gharama yake mara nyingi ni ndogo ukilinganisha na balaa unaloepuka. Angalia jina lililosajiliwa, angalia kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio la mahakama, kama kodi za ardhi zinadaiwa.

Alafu uliza maswali ya aibu mapema. Kaoa? Kaolewa? Nyumba ni ya ndoa? Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya kuuza nyumba ya familia, na Kenya nako ridhaa ya mwenzi ni lazima. Mwenye jina kwenye hati bado yuko hai? Kama kafariki hakuna mtoto wala mjane anayeweza kuuza mpaka apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hata kama familia nzima imekubaliana kikaoni na mihutasari imeandikwa. Wamiliki ni wawili au watatu? Wote wasaini. Kuna mpangaji? Mkataba wake unaisha lini?

Na kama kuna jambo moja halijakaa sawa, simama hapo hapo. Tangazo lisitoke.

Hatua ya 3: andikeni makubaliano yenu, hata kama ni ndugu

Karatasi moja inatosha. Iseme mwenye mali anauza mwenyewe, we unamsaidia kazi hizi na hizi, hulipwi au unalipwa kiasi hiki kwa kazi hii iwe imeuzwa au haijauzwa, huna mamlaka ya kukubali bei wala kupokea pesa, gharama za tangazo na usafiri analipa nani. Msaini wote wawili, tarehe iwepo. Hii karatasi inakulinda kwa sheria na inalinda undugu pia maana pesa za nyumba zikiingia kumbukumbu za watu huwa zinabadilika.

Hatua ya 4: hati ya uwakilishi, lini ni sawa na lini sio

Kama mwenye mali yuko mbali au anaumwa na hawezi kusaini, anaweza kukupa mamlaka ya kisheria kufanya kwa niaba yake. California na Florida zote zina msamaha wa leseni kwa mtu mwenye hati hii, ila msamaha una mipaka yake, Florida kwa mfano wanazungumzia kusaini mikataba na hati za uhamisho, hawakwambii nenda ukafanye udalali. Na California wanasema wazi ukiitumia kukwepa leseni msamaha unakufa. Kwahiyo hati moja ya mama yako mzazi, sawa. Hati 6 za watu 6 tofauti na kila mmoja anakupa asilimia, hiyo ni biashara ya udalali na kila mtu ataiona.

Iandikwe na wakili, usichukue fomu yoyote mtandaoni. Itaje mali yenyewe kwa namba ya hati au ya kiwanja, itaje uwezo mmoja mmoja (kusaini mkataba, kusaini fomu za uhamisho, kushughulikia kodi), iweke bei ya chini kabisa ambayo huruhusiwi kushuka, iweke tarehe ya kuisha, na iseme pesa iingie akaunti ipi, ambayo iwe ya mwenye mali. Kama amesainia nje ya nchi, nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961 zinatumia muhuri wa apostili (unaothibitisha hati ya nchi moja ili ikubalike nchi nyingine), na kama nchi mojawapo haijajiunga mara nyingi inapitia ubalozini. Ofisi nyingi za ardhi zinataka isajiliwe kabla ya kuitumia, ulizieni mapema isije ikawakwamisha siku ya mwisho.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba mwenye mali akifariki, hati ya uwakilishi inakufa siku hiyo hiyo. Ukiendelea kusaini baada ya hapo, hata kama mnunuzi alishatoa nusu ya pesa, unasaini hewa.

Hatua ya 5: bei

Usimwambie mwenye mali "hii inafaa kiasi fulani" kama mtaalamu. Kukadiria thamani kwa malipo nayo ni kazi yenye leseni yake sehemu nyingi. Msaidie kumpata mthamini aliyesajiliwa, au mkusanyie bei ambazo mali za jirani zinazofanana ZIMEUZWA kweli, sio zinazotangazwa, kisha yeye aamue. Aandike bei ya kutangaza na aandike pembeni, kwa siri yake, bei ya chini ambayo hatashuka. Hiyo ya pili bora hata we usiijue, maana ukiijua utaivujisha bila kukusudia, mnunuzi anakusoma usoni tu.

Na hapa naongea kwa uchungu kidogo kuhusu cha juu. Mwenye mali kasema anataka milioni 80, msaidizi anamwambia mnunuzi milioni 90 ili kumi zibaki kwake. Hapana. Huo ni udanganyifu kwa watu wawili kwa wakati mmoja, na ukiwa na hati ya uwakilishi ni kuvunja wajibu wako kwa mtu aliyekuamini, anaweza kukudai faida yote uliyoipata. Uingereza hata madalali wenyewe chini ya ile sheria ya 1979 wanatakiwa kutangaza maslahi yao binafsi kwenye mauzo. Sasa wewe usiye na leseni utajitetea na nini?

Hatua ya 6: tangazo

Tangazo liseme wazi "linauzwa na mwenyewe", jina na namba viwe vya mwenye mali. Kama anataka uweke namba yako kwa sababu hapokei simu za usiku, andika "mawasiliano kwa niaba ya mmiliki" na usijiite ajenti, dalali wala mshauri wa mali, hayo majina peke yake yanaweza kukuletea shida.

Andika vitu vinavyopimika: ukubwa wa kiwanja kama ulivyo kwenye hati, vyumba, maji yanatoka wapi, umeme, barabara ikoje, aina ya hati na muda uliobaki kama ni ya miaka. Picha ziwe za mchana, madirisha wazi, na ufa kwenye ukuta usiukate kwenye picha maana mtu ataukuta tu akija na hapo unapoteza imani yake kwa mambo mengine yote. Usiweke kabisa picha ya hati mtandaoni, matapeli wanaitafuta hiyo hiyo.

Kuwa makini na maneno ya kuchagua watu. Marekani sheria ya 1968 ya makazi ya haki inakataza tangazo linalobagua kwa rangi, dini, jinsia, asili, ulemavu au familia zenye watoto, na hata mwenye nyumba anayeuza mwenyewe ambaye ana misamaha mingine, kwenye tangazo hana msamaha. "Inafaa kwa familia ya dini fulani", futa hiyo.

Hatua ya 7: kuonyesha nyumba na kuongea na wanunuzi

Hapa ndo mstari unavukwa kirahisi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu mazungumzo yanaenda yenyewe. Kufungua mlango, kuwasha taa, kutembeza watu, kutoa karatasi ya maelezo aliyoiandaa mwenye mali, hizo ni kazi za mikono. Kusema "akikupa 75 atakubali", "hii bei ni nzuri ukilinganisha na mtaa", "benki fulani itakukopesha", huo ni mdomo.

Jizoeze majibu kabla hujaenda. Mnunuzi akiuliza bei ya mwisho mwambie: "Bei iliyotangazwa ndo aliyoiweka mwenyewe, ukiwa na ofa iandike na jina lako nitamfikishia leo leo." Akiuliza kwa nini anauza: "Hilo muulize mwenyewe, nakupa namba yake." Akiuliza kuhusu paa linavuja, na unajua linavuja, mwambie kweli. Kunyamazia kasoro unayoijua kunaweza kuwatia hatiani wote wawili, na kuna kasoro sheria inalazimisha zisemwe, kwa mfano Marekani nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 mnunuzi lazima apewe taarifa kuhusu rangi yenye madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu.

Ofa zote zifike, hata ile ya chini inayokuudhi. Sio kazi yako kuchuja. Zifike kwa maandishi, na ubaki na nakala ya kila ujumbe.

Kuhusu usalama, usiende peke yako kwenye nyumba tupu na mtu usiyemjua, chukua jina na kitambulisho kabla, mwambie mtu uko wapi. Vitu vya thamani vitolewe kabla ya mtu wa kwanza kuingia.

Hatua ya 8: mkataba na pesa

Ofa ikikubaliwa na mwenye mali, kazi inaenda kwa wakili, au kwa kampuni ya eskro (inayoshika pesa katikati mpaka masharti yatimie) kwa sehemu zinazotumia utaratibu huo. Usiandike mkataba wewe, kuandaa hati za kisheria za mtu mwingine ni kosa lingine kabisa. Mauziano ya ardhi karibu kila mahali lazima yawe kwa maandishi na yasainiwe, Uingereza wanadai hivyo tangu 1677, Tanzania ipo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Kwahiyo makubaliano ya mdomo na kupeana mikono hayatoshi hata kama mashahidi walikuwa kumi.

Mshauri mwenye mali na mnunuzi kila mmoja awe na wakili wake. Wakili mmoja kwa wote wawili inaonekana nafuu mpaka siku wanapogombana.

Arubuni, yaani malipo ya awali ya mnunuzi, isiguse mkono wako. Nasisitiza hili kuliko yote. Hata kama mnunuzi anakubembeleza akutumie kwenye simu "umshikie" mpaka kesho, kataa, mwelekeze akaunti ya wateja ya wakili. Kushika pesa za mauzo za mtu mwingine ndo jambo linalowafanya mpaka polisi waingie kwenye kesi ambayo ingeishia kwenye onyo. Na akaunti ithibitishwe kwa kumpigia wakili kwa namba mnayoijua, sio iliyokuja kwenye barua pepe, kwa sababu kuna matapeli wanaoingilia barua pepe na kubadilisha namba ya akaunti siku ya malipo. Picha ya risiti ya benki sio pesa, pesa ni pale benki inapothibitisha imeingia.

Hati halisi ya mali nayo usikae nayo. Iende kwa wakili, kwa maandishi ya kupokelewa.

Hatua ya 9: uhamisho na kufunga

Kuanzia hapa kazi yako ni kukimbizana na makaratasi: vibali kama vinahitajika, kodi za mauzo, vyeti vya kutodaiwa, barua ya benki ya kuondoa rehani. Tengeneza orodha, kila kimoja nani anakileta na lini, na umkumbushe mwenye mali kila wiki kwa ujumbe. Hii kazi haina sifa lakini ndo inayowasaidia watu kweli, mauzo mengi yanakufa kwa sababu hakuna aliyefuatilia cheti kimoja.

Jina likishabadilishwa kwenye rejista, sio mkataba ukisainiwa, ndo mnunuzi anapewa funguo zote, mita zinasomwa siku hiyo kwa ajili ya bili, mpangaji anaandikiwa barua kwamba kodi sasa inaenda kwa nani. Kama ulikuwa na hati ya uwakilishi irudishe na mwenye mali aifute kwa maandishi, na kama ilisajiliwa, ifutwe huko huko ofisi ya ardhi.

Akikuletea bahasha siku hiyo kukushukuru na makubaliano yenu yalisema bure, mrudishie, umwombe badala yake akuandikie barua kwamba ulimsaidia bila malipo. Barua hiyo iweke pamoja na ile karatasi ya mwanzo na ujumbe wote, na usivitupe kwa miaka kadhaa.